Mstari Mmoja Katika Buku la Polisi



Leo nianze na kisa kidogo cha kwangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilipoteza kitambulisho. Nikapekua droo, nikainua godoro, nikakata tamaa, nikaenda kituo cha polisi kuandikisha. Askari wa zamu alikuwa mama mmoja mpole, chai yake ya rangi inapoa kando. Akalivuta lile buku kubwa tunaloliita OB, jalada gumu, pembe zimeliwa na vidole, akaanza kuandika: namba, saa, jina langu, nilichopoteza. Mimi nimesimama ng'ambo ya kaunta, na buku limenielekea kichwa chini. Lakini macho hayana pazia. Mistari mitatu juu ya jina langu nikasoma jina la kijana wa jirani. Amekamatwa usiku, saa nne na nusu. Tuhuma: wizi wa simu.

Jioni ya siku ile ile nikamkuta kijana barazani anacheza karata na wenzake. Ameachiliwa. Simu haikuwa imeibwa. Shemeji wa mwenye simu ndiye aliyeondoka nayo, akasahau kusema. Mambo yakaisha, hakuna aliyefikishwa mahakamani. Ila mimi, msikilizaji, nilikuwa nimeshasoma. Tangu siku ile, kijana yule akinipita njiani, mkono wangu hukimbilia mfukoni kugusa simu, wala sijautuma.

Mstari ule ulikuwa wa nani kuusoma? Na ukishasomwa, unafungwaje? Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya leo: rekodi za kukamatwa, nani anaruhusiwa kuziona, na zinazibwaje. Ili tuyaone mambo yenyewe kwa uwazi, nitakupeleka Marekani. Kule buku halijakuelekea kichwa chini. Limegeuzwa, likaelekezwa kwa dunia nzima.

Tuanze na utaratibu. Marekani haina jeshi moja la polisi kama letu. Ina vyombo vya polisi vipatavyo 18,000, zikiwemo idara za miji na ofisi za masherifu, kila mji na chake, kila kaunti na chake. Mtu akikamatwa hupelekwa jela ya kaunti. Huko hupigwa picha, uso kwa mbele na uso kwa upande, huchukuliwa alama za vidole, huandikwa jina, umri, saa na tuhuma. Hajasimama mbele ya hakimu bado. Hajaulizwa kama anakubali au anakana. Lakini katika majimbo mengi karatasi ile tayari ni mali ya umma: mwandishi wa habari, mwajiri, mchumba, jirani mwenye ugomvi wa mpaka, yeyote anaweza kuiomba. Florida ndiyo inayosifika zaidi kwa uwazi huo. Huko ofisi za masherifu huweka picha za waliokamatwa kwenye intaneti, pengine kabla jua la siku ya kukamatwa halijatua.

Ukisikia hivyo utasema, huo ni ukatili. Subiri kwanza. Mzizi wa uwazi ule haukuwa kutaka kumwaibisha mtu. Ulikuwa hofu ya serikali inayochukua watu usiku. Polisi wakimkamata mtu, umma ujue ni nani, kachukuliwa saa ngapi, kwa kosa gani, na yuko wapi. Buku likiwa wazi, askari hawezi kusema hajamwona mtu aliyemfungia mwenyewe.

Na hilo, msikilizaji wa Kenya, hakuna Mmarekani wa kukufundisha. Unakumbuka Juni na Julai mwaka 2024, baada ya vijana kuandamana kupinga Mswada wa Fedha. Wazazi walizunguka kituo hadi kituo wakiuliza watoto wao. Askari anafungua buku, anateremsha kidole, anatikisa kichwa: hayupo. Siku zile hakuna mama aliyeomba jina la mwanawe lifichwe. Alichoomba ni lionekane. Katiba yetu, kifungu cha 49, inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Sasa niambie: saa 24 zinahesabiwa kuanzia wapi, ikiwa hakuna aliyeiandika saa ya kwanza?

Kwa hiyo shika hili moja, maana nitalirudia: mstari ule, kabla haujawa ushahidi juu ya raia, ni ushahidi juu ya polisi. Uliwekwa pale ili umbane aliyekamata. Mambo huharibika pale unapoanza kumbana aliyekamatwa, na kuendelea kumbana hata baada ya kesi kufa.

Sasa twende Louisville, katika jimbo la Kentucky. Ni mji ule aliozaliwa Muhammad Ali. Mwezi Juni mwaka 1971 kijana mmoja, mpiga picha wa gazeti la mji huo, alikamatwa kwa tuhuma ya wizi wa dukani. Akafikishwa mahakamani, akakana. Kesi haikusikilizwa, iliwekwa kando, kwa ruhusa ya kufufuliwa ikihitajika. Yaani haikufa na haikuwa hai. Kijana akarudi kwenye kamera yake.

Mwaka uliofuata, Novemba 1972, msimu wa ununuzi wa Krismasi unakaribia. Mkuu wa polisi wa mji, Edgar Paul, pamoja na mwenzake wa kaunti, wakaamua kuwasaidia wenye maduka. Wakatengeneza kipeperushi cha kurasa tano. Juu kimeandikwa kuwa hawa ni wezi wa madukani walio kazini. Chini yake, picha na majina yamepangwa kwa alfabeti kama orodha ya darasa. Wakakisambaza kwa wafanyabiashara wapatao 800. Na ndani ya kurasa zile, kati ya majina mengine, limo jina la yule mpiga picha.

Ona jinsi ilivyokuwa rahisi. Hakuna aliyetunga uongo kutoka hewani. Mtu alikamatwa kweli. Picha ni yake kweli. Kilichobadilika ni neno moja tu: palipoandikwa katuhumiwa, pakasomeka mwizi. Sisi tuna methali yetu: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Barazani ni methali ya raha, inakoleza umbea na kahawa. Ukiivika kofia ya askari na kuipa mashine ya kuchapa, inamfukuza mtu kazini.

Na ilikaribia kumfukuza. Kipeperushi kilifika gazetini. Bosi wake akamwita. Hakufutwa kazi, lakini alionywa asijikute tena katika hali kama ile. Fikiria onyo hilo: asijikute. Kana kwamba kukamatwa ni dimbwi la maji ambalo mtu mwangalifu angelikwepa. Na muda mfupi baada ya kipeperushi kusambaa, hakimu akaifuta kabisa ile kesi iliyokuwa imelala. Sasa hakuwa na kesi hata moja. Lakini nakala 800 zilikuwa zimeshatoka.

Kijana akawashtaki wakuu wa polisi. Alisema sasa ataogopa kuingia madukani asije akashikwa kwa kushukiwa, na kwamba kazi za mbele zimemharibikia. Mahakama ya rufani ikamsikia. Shauri likapanda mpaka Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani, na tarehe 23 Machi 1976 akashindwa, majaji watano kwa watatu. Hukumu iliandikwa na Jaji William Rehnquist, ambaye baadaye alikuja kuwa Jaji Mkuu. Alisema, kwa kifupi: sifa ya mtu peke yake, jina lake zuri tu, si uhuru wala si mali ambayo Katiba inailinda. Kama polisi wamekuchafulia jina, nenda kawashtaki kwa kashfa kwenye mahakama za jimbo lako. Jaji William Brennan aliyepinga alishtushwa na jambo moja: kwamba sasa ofisa wa serikali anaweza kumpiga mtu asiye na hatia chapa ya uhalifu, bila kesi na bila kumuuliza.

Utakuwa umeona, msikilizaji, kuwa sijakutajia jina la mpiga picha yule. Si kwamba silijui. Kila mwanafunzi wa sheria Marekani analijua, maana ndilo jina la kesi yenyewe. Linasomwa darasani kila mwaka, nusu karne sasa. Alikwenda mahakamani kulisafisha jina lake, likatoka huko limechongwa kwenye jiwe. Mimi nimeona nilipumzishe walau kwa robo saa hii.

Mwaka ule ule wa 1976 ulikuwa na mambo. Bunge la Kentucky lilipitisha sheria ya kuzifungua rekodi za serikali kwa wananchi wote. Na kule New York, mwaka huo huo, wabunge walipita njia nyingine: kesi ikiisha kwa upande wa mshtakiwa, ameachiwa au mashtaka yamefutwa, rekodi ya kukamatwa kwake izibwe, na alama za vidole na picha zirudishwe au ziharibiwe. Fungua huku, ziba kule. Ukitazama haraka utadhani majimbo mawili yamegombana. Mimi naona yanajibu maswali mawili tofauti. Kentucky iliuliza: serikali inafanya nini? New York iliuliza: serikali ikishindwa kesi, inaruhusiwa kuendelea kusema nini juu ya mtu?

Hapa tupumzike kidogo kwenye maneno, maana yanachanganya. Kuna kuziba rekodi na kuna kufuta rekodi. Kuziba ni kama lakiri. Wazee wetu waliopokea barua za watawala waliijua lakiri: ile nta nyekundu iliyoyeyushwa juu ya mkunjo wa barua na kupigwa mhuri. Barua haijachanwa. Ipo, imekamilika, ila asiyehusika hana ruhusa ya kuifungua, na akiifungua itajulikana. Rekodi iliyozibwa ndivyo ilivyo: polisi, mwendesha mashtaka au jaji aweza kuiona kwa sababu maalumu, mwajiri na jirani hawaioni. Kufuta ni hatua zaidi: sheria inasema jambo lile lihesabiwe halikutokea. Huko Kentucky, aliyefutiwa anaruhusiwa kumjibu mwajiri bila kupepesa jicho kwamba hakuwahi kushtakiwa kwa jambo lile.

Inapatikanaje? Kwa Kentucky, sheria ya mwaka 2020 imerahisisha upande mmoja. Ukiachiwa huru na mahakama, au mashtaka yakifutwa yasiweze kurudishwa tena, mahakama yenyewe ndiyo inayoagiza rekodi ifutwe siku 30 zikipita. Huombi. Lakini kama mashtaka yalifutwa kwa namna inayoacha mlango wa kurudi, kama ule wa mpiga picha wetu wa mwaka 1971, au kama ulipatikana na hatia ndogo na miaka imepita, basi ni safari. Mwenye hatia ndogo ya zamani hulipia kwanza cheti cha kuthibitisha kuwa anastahili, dola 40. Kisha hujaza fomu na kulipa ada ya kufungulia ombi. Mwendesha mashtaka hupewa nafasi ya kupinga. Jaji akikubali, amri hutumwa kwa kila ofisi yenye nakala.

Kila ofisi yenye nakala. Hapo ndipo penye kazi. Hebu uifuate karatasi moja. Kituo cha polisi kina nakala. Jela ya kaunti ina nakala. Karani wa mahakama ana nakala. Polisi wa jimbo wana alama za vidole. FBI nao wana alama za vidole. Hiyo ni milango mitano ya serikali, na mara nyingi habari ya kukamatwa hufika milango yote mitano mbio mbio, huku habari ya kuachiwa ikichechemea nyuma na pengine isifike kabisa. Kisha kuna mlango wa sita, ambao hauna mlinzi: kampuni zinazonunua rekodi kwa jumla kutoka kaunti na kuwauzia waajiri na wenye nyumba za kupangisha. Jaji akitia lakiri leo, nakala iliyonunuliwa mwaka jana haijui. Ipo sheria ya shirikisho ya tangu mwaka 1970 inayozitaka kampuni hizo zihakikishe usahihi, na kwa kawaida zisiripoti kukamatwa kusikokuwa na hatia baada ya miaka saba. Lakini anayeumia ndiye wa kugundua, na hugundua baada ya nafasi ya kazi kupewa mwingine.

Halafu ikaja intaneti, na kipeperushi cha Louisville kikaonekana kuwa mchezo wa watoto. Wajanja wakaanza kukusanya picha za waliokamatwa kutoka kurasa za masherifu, wakazimwaga kwenye tovuti zao, ukitafuta jina la mtu picha inakuja ya kwanza. Ukiwapigia simu waitoe, wanakutajia bei: mamia ya dola. Ukiilipa tovuti hii, picha inaibukia kwenye tovuti nyingine. Picha iliyopigwa ili umma uwachunge polisi ikageuka kamba ya kumkaba raia alipe. Georgia iliipiga marufuku biashara ya kutoza ada hizo mwaka 2013, na majimbo mengine yakafuata, Kentucky yenyewe ikiwemo. Magazeti nayo yakaanza kujitazama kwenye kioo. Tovuti ya habari ya cleveland.com ilianza mwaka 2018 kupokea maombi ya watu wa kawaida wanaotaka majina yao yaondolewe kwenye habari za zamani za makosa madogo. Boston Globe likafuata mwaka 2021. Wahariri waliozoea kusema kilichoandikwa kimeandikwa wakakaa kikao kujadili habari ya mistari minne ya miaka kumi iliyopita.

Sasa utauliza: ikiwa sheria za kuziba zipo, kwa nini watu hawazitumii? Wasomi wawili waliokuwa Chuo Kikuu cha Michigan, J.J. Prescott na Sonja Starr, walichunguza jambo hilo katika jimbo lao. Walikuta kwamba kati ya watu waliostahili kufutiwa hatia zao, waliofanikiwa ndani ya miaka mitano ya kustahili ni asilimia 6.5 tu. Katika kila mia, sita na ushei. Wengine hawakujua kuwa wanaweza. Wengine waliona ada na fomu, wakaziacha. Na wengine, hili ninalielewa sana, hawakutaka kukanyaga tena mahakamani hata kwa heri.

Ndiyo maana Pennsylvania, mwaka 2018, ikageuza mzigo. Walipitisha sheria iliyoitaka serikali izisake yenyewe, kwa kompyuta, rekodi zinazostahili kuzibwa: kukamatwa kusikoishia kwenye hatia, na makosa madogo yaliyopita miaka kumi bila kurudiwa. Mwaka uliofuata mashine zikaanza kazi. Utah ikaiga, Michigan ikaiga, na New York ikapitisha yake mwaka 2023. Hoja yao ni ya kiungwana: aliyeandika ndiye afute. Jina ni langu, lakini kalamu ilikuwa ya serikali.

Hapa naomba kuzungumza na ndugu zetu walioko ng'ambo. Louisville ile ya kipeperushi leo ina familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, hasa kutoka Kongo. Wengine wamepitia kambi za wakimbizi hapa Afrika Mashariki kabla ya kufika huko. Ndugu yangu, kama uliwahi kukamatwa, hata kwa ugomvi wa jirani, hata kama mahakama ilikuachia na kufuta kila kitu, sikiliza vizuri. Karani wa mahakama anaweza kukwambia kwamba sasa unaruhusiwa kujibu hapana. Kwa mwajiri, sawa. Lakini fomu ya kuomba uraia wa Marekani inauliza kama umewahi kukamatwa, na maelekezo yake yanataka ujibu hata kama rekodi ilizibwa au ilifutwa. Lakiri ya jimbo haiifungi serikali kuu. Mtu anajibu hapana kwa nia safi, na kesho anaulizwa kwa nini kadanganya. Kosa lilikwisha, uongo ndio unaanza. Kwa hiyo kabla rekodi haijafutwa, nenda kwa karani uchukue nakala ya uamuzi yenye mhuri, uitunze pamoja na vyeti vya watoto. Na kabla ya kujaza fomu ile, muone wakili wa uhamiaji.

Wapo watakaonipinga, na wana haki. Mama anayetafuta yaya wa kumwachia mtoto atasema: ninyi mnaziba, mimi nitajuaje? Namjibu kwa heshima: mama, hatia ni jambo jingine. Aliyehukumiwa kwa kumdhuru mtoto simtetei hapa, na sheria nilizozitaja nyingi zinayaacha nje makosa mazito ya namna hiyo. Ninayemtetea ni yule ambaye serikali ilimshika, ikamtazama, ikamwachia.

Upo upinzani mzito zaidi, na huu hunikosesha usingizi. Tukiziba kila kukamatwa kusiko na hatia, tutajuaje kuwa askari fulani anawakamata vijana wa mtaa mmoja kila Ijumaa na kuwaachia kila Jumatatu, bila kesi hata moja? Ushahidi wa uonevu umo ndani ya mistari ile ile tunayotaka kuifunika. Lakiri inayomsitiri kijana inaweza kumsitiri na askari. Jibu langu ni kutenganisha vitu viwili vinavyokaa mstari mmoja: hesabu ibaki, jina liondoke. Tarehe, saa, kituo, namba ya askari, tuhuma na mwisho wa kesi vibaki wazi milele kwa anayetaka kuhesabu. Jina la aliyeachiwa litiwe lakiri. Hapo mstari unarudi kwenye kazi iliyouzaa, ya kumchunga aliyekamata.

Na sisi huku je? Mimi naona sisi tumelishika buku kinyume. Linapotakiwa kufunguka, mama anapomtafuta mwanawe, linafungwa. Linapotakiwa kufungwa, linapigwa picha. Tumezoea kuwaona washukiwa wamepangwa mstari mbele ya kamera, chini ya ulinzi, kabla hakimu hajawaona. Tumezoea picha ya kijana aliyefungwa mikono ikizunguka kwenye makundi ya simu, na chini yake: mwizi huyu, sambaza. Wakuu wa polisi wa Louisville walihitaji mashine ya kuchapa na nakala 800. Sisi tunahitaji kidole kimoja.

Kisha kuna cheti. Kijana wa Kenya akitafuta kazi ataombwa cheti cha maadili mema, kile wanachokiita gudi kondakti. Analipa shilingi 1,050, anatoa alama za vidole, anangoja. Cheti kinatazama rejista ya vidole. Kama alikamatwa, akachukuliwa alama, kesi ikatupwa, na hakuna aliyeupeleka uamuzi wa mahakama kwenye rejista, basi kwa rejista ile kesi bado iko hai. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na Watanzania wana yao ya mwaka 2022; zote zinampa mtu haki ya kudai taarifa zake zisahihishwe. Haki hiyo ipo, itumie. Nenda na nakala ya uamuzi mkononi, omba mwisho wa kesi uandikwe pale pale ulipoandikwa mwanzo wake. Ila nakuuliza tena swali la Pennsylvania: kwa nini uende wewe? Aliyeandika ndiye afute.

Nimalizie na kijana wa jirani. Siku hizi ni fundi simu, ana kibanda cha mabati karibu na kituo cha matatu, meza ya mbao, taa ya kichwani, na vijibisibisi vimepangwa kwa urefu. Mwaka jana simu yangu ilipasuka kioo. Fundi wa karibu ni yeye. Nikampelekea. Akaitazama, akasema, "Ami, njoo saa kumi itakuwa tayari." Nikasema, hapana, nitangoja hapa hapa, sina haraka. Nilikuwa na haraka, msikilizaji. Nikavuta stuli, nikakaa.

Akaniangalia kidogo. Hakusema neno. Akaigeuza meza yake, na taa, na kisahani cha skrubu, mpaka kila kitu kikanielekea mimi, nikawa naviona vidole vyake vyote kumi. Akafanya kazi hivyo, kwa kujipinda, muda wote. Alifanya kama mtu aliyezoea.

Na kitambulisho changu? Siku mbili baada ya kuandikisha nilikiona ndani ya mfuko wa kanzu ya Ijumaa, kilikuwa hapo wakati wote. Kwa hiyo mstari wangu nao katika buku lile, mistari mitatu chini ya wake, haukuwa wa kweli. Upo mpaka leo, sijaenda kuurekebisha. Sijaona mtu hata mmoja akigusa mfuko wake ninapopita.